MANENO YA KATIBU MKUTANONI: WEMBE WA KUNOA



Juzi mzee mwenzetu alileta ghalani kisanduku cha chuma alichorithi kwa baba yake, akauliza mbona nyembe za dukani haziingii. Haziwezi kuingia. Ule ni wembe wa Rolls, uliokuwa ukitengenezwa Uingereza tangu miaka ya 1920. Wembe wa dukani ni mwembamba, makali pande mbili, ukiisha unatupwa. Huu ni mnene kama kisu, makali upande mmoja, na hautupwi, unanolewa.

Kisanduku chenyewe ndicho kinoo. Mfuniko mmoja una jiwe, wa pili una ngozi. Unasukuma na kuvuta mpini, wembe unapita huku na huku na kujigeuza wenyewe. Ngozi ni kila siku kabla ya kunyoa. Jiwe ni pale makali yamekufa tu, maana linakula chuma. Kisha unauchomoa, unaufunga kwenye mpini wa kunyolea. Lowesha ndevu kwa maji moto, paka sabuni, na usikandamize. Mimi nilikandamiza, kovu hili hapa shavuni! Ukimaliza ukaushe, unashika kutu upesi.

Sasa neno zito. Kwa kuwa wembe huu hauishi, baba na wanawe watataka kuutumia wote. Hapana! Damu hata isiyoonekana inaweza kubeba UKIMWI na homa ya ini. Kuusuuza au kuunoa hakutoshi. Mzee atanyolea peke yake. Vijana, nyembe mpya zipo duka la ushirika.

Katibu wa Chama, Kijiji