Giaboksi ya otomatiki ikichelewa, tuanze na oili



Wengi wenu mlichukua mkopo wa kikundi mkanunua gari la mitumba kutoka Japani, mlifanye teksi. Karibu yote ni otomatiki. Sasa sisi tunaokaa na vitabu vya mikopo tunaona jambo moja: malipo yanasimama siku fundi anaposema, "Giaboksi imekufa, leta pesa tutafute ingine." Karo ya watoto inaenda hapo. Basi tuulize, imekufa kweli?

Kuna gari ukitoa P ukaweka D, linangoja sekunde mbili tatu, halafu linaruka ghafla. Hapo mara nyingi presha ya oili imepungua. Kuna lingine linaondoka vizuri lakini likifika Jogoo Road linanguruma tu, gia ya pili haiingii. Hilo laweza kuwa oili, ama waya wa akselereta kwa gari za zamani, ama solenoidi, zile vali ndogo zinazofunguliwa kwa umeme. Na asubuhi ya Julai, injini ikiwa baridi, gari nyingi huchelewesha gia ya juu makusudi. Huo si ugonjwa.

Ndani ya giaboksi hii, oili inayosukumwa na pampu ndiyo inabana pleti za klachi. Ikipungua, pampu inavuta hewa, pleti zinateleza, zinaungua. Kitu cha kutibiwa kwa lita moja kinakuwa kitu cha kuuzia kiwanja!

Kupima ni hivi. Endesha kama dakika 20, simama mahali tambarare, kanyaga breki, pitisha gia zote polepole, rudi P. Injini ikiendelea, chomoa kijiti cha oili, pangusa, rudisha, chomoa tena, usome alama ya HOT. (Honda huzimwa kwanza.) Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, pleti zimeshaumia. Ikiwa imepungua, tafuteni inapovuja, maana giaboksi hainywi oili.

Nissan Note nyingi zina CVT, yenye mkanda wa chuma, nayo hutaka oili yake. Ukimwaga ile ya kawaida kwa kuwa ni bei rahisi, umeiua mwenyewe. Gari zingine hazina kijiti kabisa. Hizo fundi azinyanyue apime kutoka chini.

Oili ikiwa sawa na bado gia inachelewa, fundi aunganishe mashine ya kusoma kodi kabla hajafungua nati hata moja. Kwa Toyota za zamani, taa ya O/D OFF ikiwaka na kuzima-zima, kodi iko. Kariobangi Light Industries kuna mafundi wazuri sana, hatuwasemi vibaya. Lakini anayekataa kukuonyesha kijiti na kodi, mnyime funguo.

Wanaotaka mkopo wa giaboksi Jumamosi, waje na kodi hiyo imeandikwa kwa karatasi, na wamwambie mweka hazina oili ilikuwa rangi gani.