Redio-ampli ya zamani: tuitengeneze ao tununue mpya?

(Maneno tuliyowaambia wanachama kwenye mkutano, Kasongo)



Ulizo liko mezani. Kese ya chama iko na franka kidogo. Wengine wanataka tununue ampli mpya iliyoandikwa "wati 2000", tuikodishe kwa ndoa na matanga. Wengine wanasema tutengeneze ile redio-ampli ya miaka ya 1970 tuliyopewa zawadi, ambayo imenyamaza kwa uzee. Sisi tunaotumika nanyi huku vijijini mlituomba tueleze.

Tuanze na wati. Mwaka 1974 serikali ya Marekani iliweka sheria: ukitangaza nguvu ya ampli ya nyumbani, uipime ikitumika mfululizo, pande zote mbili pamoja, na useme sauti inaharibika kiasi gani. Kiisha makampuni yakashindana kwa nguvu za kweli. Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976 ilitoa wati 160 kila upande. SX-1980 ya mwaka 1978 ilitoa 270, na uzito wake ni karibu kilo 35.

Uzito ule si mapambo. Kwa kusukuma wati 160 katika bafle ya omu 8, umeme unapaswa kupanda kupita volti 50, na kushuka vilevile. Ndiyo sababu ndani muko transfoma kubwa ya chuma na shaba. Muko pia kondansateri nene, zinazoweka akiba kama pipa la maji: ngoma ikipiga kwa ghafula, maji yako tayari.

Siku hizi kuna ampli nyepesi zilizo nzuri pia. Lakini ampli haizai umeme. Geuza kasha, soma nyuma inakula wati ngapi. Ikiwa inakula 60, haiwezi kutoa 2000, hata karatasi iseme nini. Tena, ukiongeza wati mara mbili, sikio linasikia tofauti ndogo tu. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, unahitaji wati karibu mara kumi.

Ya zamani nayo iko na masharti. Kwanza, ikiwa ni ya volti 120 ya Marekani, usiichomeke kwenye 220 yetu, itaungua. Pili, kondansateri za zamani zinakauka, zinapaswa kubadilishwa. Tatu, hata ukichomoa waya, zinabaki na umeme wa kuumiza. Kijana asiguse ndani bila fundi. Nne, ikipiga kwa nguvu yote inakula wati mamia. Pano ndogo na batri moja havitatosha. Ikipiga kwa kiasi, inakula kidogo.

Wazo letu ni hili. Kwa salle na masomo, tutengeneze ya zamani, na vijana wawili waliorudi kutoka kambini wakae karibu na fundi mpaka kazi iishe. Ampli mpya ingetuachia kasha tu. Hii itatuachia pia vijana wanaojua kupima na kulehemu. Kwa uwanja mkubwa haitatosha, tusidanganyane.

Wafadhili, mkitaka kusaidia, mtutumie kondansateri, transista na mita ya kupimia, kuliko mashine nyingine iliyokufa. Na ninyi wanachama, kese ni yenu: sasa mpige kura.