Mikeka ya Mama Yangu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora)



Naliombwa na Bwana Katibu niseme juu ya faida ya kutunza kumbukumbu za ofisi. Nimemtaka radhi aniache niseme juu ya mama yangu, ambaye khabari za kufariki kwake mlizisikia, na wengi wenu mlikuja Mtendeni kuhani. Lakini mtaona kuwa sikutoka mbali na jambo aliloniagiza.

Marehemu mama alikuwa msuka mikeka. Wazee wake walifika Tabora kwa miguu kutoka Manyema, zamani za misafara, kabla reli haijafika hapa mwaka 1912. Naye ufundi wa ukindu aliupata kwa kina mama wa pwani waliokuwa jirani zake. Alikuwa akichana ukindu, akauchemsha na rangi, akauanika kivulini, akasuka ukili, na ukili ukitimia akashona. Watu husema mkeka ni mkeka tu. Si kweli. Mama hakupata kumpa mtu nakshi aliyokwisha kumpa mwingine. Kila nakshi aliipa jina, na kila jina lilikuwa na wimbo wake wa beti mbili tatu, aliotunga mwenyewe huku vidole vinakwenda. Naukumbuka mkeka wa "Moshi wa Gari", wenye mistari myeusi iliyopinda na kufifia. Naukumbuka wa "Njia ya Ujiji", wenye mstari mmoja mwekundu usiokatika toka pembe hata pembe. Aliniambia ni nyayo za bibi yake. Wimbo wake siujui. Nalikuwa nikiusikia kila siku, kwa hiyo sikuusikiliza.

Mama hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka mmoja nalipokuja likizo kutoka Kigoma aliniambia, "Mwanangu, wewe ni karani. Lete kalamu nikutajie majina ya mikeka yangu na nyimbo zake, zisije zikafa nami." Nikamjibu, "Naam, mama, likizo ijayo, inshallah." Likizo ile ikawa ya kuezeka nyumba, na iliyofuata ikawa ya arusi ya ndugu yangu. Wakati huo wote, mabwana, sikupata kuchelewesha hata hati moja ya wakubwa wangu. Barua za watu nisiowajua nalizinakili mara tatu, nikazitia nambari, nikazifunga katika faili.

Mwaka wa tatu nalikuta mkeka mpya juu ya kitanda changu. Nakshi yake ilikuwa miraba mieupe mitupu, mmoja baada ya mmoja, yenye pindo la bluu. Nikamwuliza jina lake. Akasema, "Barua Haijajibiwa." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, nikarudi Kigoma.

Siku za matanga rafiki mmoja alinipa kitabu chenye utenzi wa Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu. Ni Kiswahili cha Kiamu, nacho hunipa taabu, lakini mwanzo wake naliufahamu barabara. Mwaka 1858, mumewe amekwisha kufa na yeye mwenyewe ni mgonjwa, anamwita binti yake, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi. Beti mia na mbili zimesalia mpaka leo, bila shaka kwa kuwa binti yule aliitika siku ile ile alipoitwa. Wengine huyalaumu mawaidha yale kwamba yanamtwisha mke mzigo mkubwa mno wa kumtii mume, nami sibishani nao. Siku ile nalisoma mwanzo tu, nikafunga kitabu.

Mkeka aliouacha mama haukufika nusu. Rangi zake ni kijani na nyeupe, na jina lake hakuna alijuaye.

Arobaini ilipopita nalimwendea shoga yake, mzee sana, waliyekuwa wakisuka pamoja katika baraza moja. Nalikuwa na daftari mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja leo?"

Sikuwa na jibu, nikakaa chini. Macho yake hayaoni vema, basi humpa mkeka mmoja mmoja aupapase kwa vidole, ndipo akumbuke. Amekwisha kunitajia majina kumi na moja na nyimbo nne, na mmoja katika hizo hauna mwisho. Wimbo wa "Njia ya Ujiji" bado hajaupata, ila husema upo karibu, anausikia.

Bwana Katibu, nakala tatu nimezipiga chapa, na moja naomba iwekwe katika kabati la chama. Bibi ameniambia nirudi kwake Ijumaa baada ya sala, naye amenikataza kuchelewa.