Meru Nyuma ya Filamu ya Elsa



Mgeni anayemfuata simba jike Elsa hutoka Nanyuki, akapita Timau, akaviacha viazi vyetu vya hapa Kibirichia kando ya njia na kuteremka hadi Hifadhi ya Taifa ya Meru. Amesoma kitabu cha Joy Adamson cha mwaka 1960, au ameitazama filamu ya Born Free iliyotoka 1966, na anaamini anakwenda kuona mahali ilipopigwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa Naro Moru, upande wa magharibi wa Mlima Kenya. Elsa mwenyewe alishakufa tangu Januari 1961. Wanaoonekana katika filamu ni simba wengine kadhaa.

Mambo yenyewe yalitokea upande huu. Hapo chini yetu, Isiolo, George Adamson, mumewe Joy, alikuwa bwana nyama. Mwaka 1956 alimuua simba jike aliyemshambulia yeye na mwenzake, kisha wakawakuta watoto wake watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Elsa akabaki, akafunzwa kuwinda, akaachiliwa. Aliishi kando ya Mto Ura, akazaa huko, akafa kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, akazikwa papo hapo. Kaburi lake limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Meru. Joy alipouawa katika Hifadhi ya Shaba mwaka 1980, majivu yake nayo yaliletwa Meru.

Sasa niulize: ni nani aliyewachunga watoto hao wa simba kutwa nzima vichakani, akiwafuata kila walikokimbilia? Ni Nuru, mfanyakazi wa akina Adamson. Askari wa wanyamapori Makedde naye alikuwepo. Joy aliwataja wote wawili kitabuni. Katika filamu, Peter Lukoye aliigiza kama Nuru, na Omar Chambati kama Makedde. Lakini mwulize mtalii yeyote, atakutajia Virginia McKenna na Bill Travers, walioigiza kama Joy na George, na pengine wimbo wa John Barry uliopata Tuzo ya Oscar. Hilo linaniuma. Utalii wa filamu ukimfikisha mtu kwenye kaburi la simba bila kumtajia aliyemlea simba huyo, umemwonyesha nusu ya Meru.

Wenzetu wa Karen, Nairobi, walijua kuitumia nafasi. Filamu ya Out of Africa ilitoka 1985. Mwaka uliofuata nyumba ya Karen Blixen, mwandishi ambaye filamu hiyo inamhusu, ikafunguliwa kuwa makumbusho, na hadi leo watu wanalipa kiingilio. Sisi tuna mto, kaburi na mlima, na bado gari la mgeni linatupita bila kusimama.

Naiomba Serikali ya Kaunti na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori waandike majina ya Nuru na Makedde mahali ambapo kila mgeni atayasoma. Vijana wa hapa wafundishwe kuongoza wageni, na safari ianzie sokoni Kibirichia, mgeni ale kwetu kabla ya kuteremka. Nanyi wazee, yeyote kati yenu aliyewafahamu watu waliofanya kazi na akina Adamson, wanafunzi wetu wa chuo kikuu watakuja na vinasa sauti. Tafadhali wapokeeni, muwasimulie.