Mizuka ya Stoneygate



Imependekezwa kwamba maktaba yetu isinunue Kit's Wilderness, kitabu cha David Almond cha mwaka 1999, eti kina mizuka. Napinga. Kit, kijana wa miaka 13, anahamia kwa babu yake Stoneygate, mji mdogo wa Uingereza ambao machimbo yake ya makaa yamekwisha kufungwa. Makaburini anakuta mnara wa watoto waliofia mgodini mwaka 1821, na jina kama lake limo. Mizuka yenyewe ndiyo hao: watoto waliotiwa kazini. Wanafunzi wetu watokao machimboni wanayajua hayo kuliko sisi wa maofisini. Naomba zinunuliwe nakala kumi.