Ukomavu wa Mkongwe

(Hotuba kwa vijana, Mutanga Nord, Bujumbura)



Katika mieleka tunampigia makofi mkongwe anayeangushwa na kuinuka tena. Burundi ilimpata mkongwe wa namna hiyo katika riadha: Dieudonné Kwizera. Mwaka 1988 na 1992 alikosa Olimpiki, kwa kuwa kamati ya nchi yake haikuwa bado imetambuliwa. Hakuacha mbio. Mwaka 1996, huko Atlanta, Vénuste Niyongabo alimwachia nafasi ya mita 1500. Yeye mwenyewe akakimbia mita 5000 na kutwaa dhahabu. Kwizera hakupata medali, lakini alikimbia kwa jina la nchi yake.

Vijana, nasi tunasubiri: karatasi, shule, kurudi nyumbani. Anayesubiri asiache mazoezi. Mwenye nafasi amkumbuke aliyemtangulia.