KUJIFUNZA PIKIPIKI KABLA YA KUBEBA WATU
Mazungumzo kwa wakazi wa Tezo, Kilifi



Punda au farasi hufunzwa kabla ya kupandwa, na mpandaji naye hufunzwa kabla ya kumpanda. Tena punda akiona shimo husimama mwenyewe. Pikipiki haina macho wala hofu; akili yote ya safari imo katika kichwa cha mwendeshaji.

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo zimeenea kila kijiji. Faida yake ni kubwa. Mgonjwa hufikishwa hospitali ya Kilifi usiku, nazi na maembe hufika sokoni, na vijana wengi wamepata riziki. Lakini Tezo iko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Kijana atokaye katika njia ya mchanga huingia mara moja kati ya mabasi na malori.

Hatari huanzia katika namna ya kujifunza. Mara nyingi rafiki humwazima mwenziwe pikipiki jioni, akamwonyesha klachi, gia na mafuta. Baada ya siku chache mwanafunzi huyo amekwisha kupakia abiria. Amejua kuiondoa, hajajua kuisimamisha. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, kabla mkono haujakaza breki. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne.

Basi shule ya kweli itambulikanaje? Ina kibali cha Serikali na mwalimu mwenye leseni. Humwanzisha mwanafunzi uwanjani, mbali na magari. Humfundisha kutumia breki zote mbili, kwenye lami, kwenye mchanga na wakati wa mvua. Kutazama nyuma kabla ya kukata kona. Na kukagua magurudumu, taa na breki kila asubuhi. Shule imwachayo mwanafunzi aendeshe bila helmeti imekwisha kushindwa katika somo la kwanza.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na koti la kung'aa, na abiria awe mmoja tu. Ule mtindo wa mshikaki, watoto watatu nyuma ya mtu mmoja, ni kinyume cha sheria. Uchunguzi wa wataalamu kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 katika mia, na ya kuumia kichwa kwa karibu 69 katika mia. Lakini sharti ikazwe kidevuni. Iliyotundikwa mkononi haimlindi mtu.

Wako wasemao kwamba ada ya mafunzo ni nzito. Mguu uliovunjika ni mzito zaidi, maana humlaza kijana kwa miezi, na mkopo wa pikipiki haumngoji apone. Mwenye pikipiki asimkabidhi mtu asiye na leseni. Na mama ampelekaye mwanawe shuleni asione haya kumwuliza mwendeshaji alijifunza wapi. Mwendeshaji aliyefunzwa hatachukizwa na swali hilo.

Tahadhari kabla ya hatari.